Ng'ombe Kumi na Mmoja, Halafu Namba

Kabla hakujapambazuka nilisikia mfuniko wa birika ukigongagonga jikoni kwangu.

Naishi peke yangu hapa Kilosa. Nikakaa kitandani nikasikiliza. Mtu alivunja kuni kwa goti, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha. Akakohoa. Ndipo nikakumbuka kwamba nina mgeni, na kwamba mgeni mwenyewe ni Kulwa, mama yake Machibya.

Mliosoma wiki zilizopita mnamjua. Kwa anayeanza leo, nitasema kwa kifupi.

Binti yangu Letisia alikuwa muuguzi. Alikwenda kufanya kazi Botswana pamoja na Machibya, mume aliyemchagua mwenyewe. Mimi sikumtaka Machibya. Watu wake ni wafugaji waliohamia kwetu kutoka kanda ya ziwa, na sisi ni wakulima wa milimani tangu babu zetu. Katika ugomvi wa ng'ombe na mahindi, marehemu mume wangu Laurent alivunjwa mkono. Machibya hakuwepo siku ile. Mama yake hakuwepo. Lakini niliwaweka wote kapu moja, na kwa miaka minne sikuongea na binti yangu.

Mwezi wa pili mwaka 2006 ilikuja bahasha yenye stempu ya huko. Nikadhani Letisia anaomba msamaha. Nikaiweka chini ya debe la mahindi bila kuifungua, na ikakaa pale miezi mitano.

Nilipoifungua, haikuwa ya Letisia. Ilikuwa ya Debora, Mtanzania aliyefanya naye kazi hospitali moja. Letisia na Machibya walikuwa wamekufa tangu mwezi wa kwanza. Gari lilipinduka. Wameacha mtoto wa kike wa miaka minne, anaitwa Monica. Hilo ni jina langu.

Mtoto alikuwa kwa Debora kwa muda. Ofisi ya ustawi wa jamii ya huko ingempa watu wengine, mume na mke wasio na mtoto, kama ndugu wasingeleta barua iliyosainiwa na bibi zake wote wawili. Mwisho ulikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na moja Julai, saa kumi na nusu jioni.

Nilikwenda Mvumi kumpa Kulwa habari za mwanawe. Hilo nimekwisha kulieleza, sitalirudia, sina nguvu. Alhamisi alikuja Kilosa kuweka dole gumba kwenye barua. Mwalimu mstaafu Urbanus aliiandika kwa Kiingereza, mimi nikasaini, mtendaji wa kata akapiga muhuri. Gari la kurudi Mvumi lilikuwa limeondoka, kwa hiyo Kulwa akalala kwangu. Tulikula ugali tukalala.

Na sasa ilikuwa Ijumaa.

Nilitoka nikamkuta amekwisha kuwasha moto, kuchota maji na kufagia uwanja. Mgeni kuwasha moto wa mwenyeji bila kuagizwa, kwetu ni mpaka awe ndugu.

Yeye ananizidi umri kwa miaka kama sita. Kwa miaka minne tulipokutana mnadani niligeuza uso ili nisimwamkie.

"Shikamoo, Mama Machibya," nikasema.

Hakuitikia upesi. Aliweka kikombe chini kwanza, akanifutia kigoda kwa upindo wa kitenge chake.

"Marahaba, Mama Letisia. Kunywa chai. Nimetia sukari kidogo, sikujua unapendaje."

Nilikunywa. Ilikuwa kama ninavyopenda, lakini sikumwambia.

Kwa posta barua ingefika baada ya wiki tatu. Mashine ya faksi ya pale Kilosa ilikuwa imekufa tangu mvua za masika. Urbanus alituambia Mikumi yuko mtu anayetuma faksi kwa kompyuta, akatuandikia jina lake kwenye karatasi: Yared.

Tukapanda basi la alfajiri. Kondakta aliona ninavyoikumbatia ile bahasha ya barua, akaenda kuleta kipande cha boksi akaiweka katikati ili isikunjamane. Hakuniuliza ni barua ya nini. Mungu ambariki alipo.

Njia nzima ilikuwa vumbi. Tulipita Ulaya, kijiji chetu chenye jina la mbali, Kulwa akauliza, "Botswana ni mbali kuliko hapa?"

"Ni mbali sana."

"Machibya alisema kuna ng'ombe wengi."

Niligeukia dirisha. Neno ng'ombe lilikuwa halijatamkwa kati yetu tangu mkono wa Laurent uvunjike.

Duka la Yared liko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Yeye mwenyewe ni mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alituamkia sote wawili, akatoa viti viwili, kimoja kilikuwa chake. Alifanya kazi siku nzima akiwa amesimama.

"Umeme ni wa mgao, mama zangu," akasema. "Utarudi saa nane. Lakini tutawahi."

Wakati huo ilikuwa saa tano. Akachukua namba ya Debora kwenye barua yake, akamtumia ujumbe kwa simu ya mkononi pamoja na namba ya simu ya mezani.

"Tena kuna jambo lingine," akasema. "Simu hii ya mezani haitoki nje ya nchi, imefungwa. Faksi za hapa nchini natuma kila siku, za mahoteli ya mbugani. Ya nje sijawahi kutuma kwa kompyuta. Itabidi tupitie kadi ya kukwangua."

"Kadi inafanyaje?" nikauliza.

"Unapiga namba ya kadi. Anaitikia mwanamke aliyerekodiwa. Unampa namba za siri zilizo kwenye kadi. Halafu unampa namba ya huko unakotaka, naye anakuunganisha."

"Na kompyuta inayajua yote hayo?"

"Nitaiambia."

Umeme ulirudi saa nane na robo. Yared alilaza barua yetu kwenye kile kioo cha kunakili, akafunika. Ikatokea kwenye kompyuta nzima nzima: maneno ya Urbanus, dole gumba la Kulwa, sahihi yangu na muhuri. Kulwa alisogea akalitazama dole lake kwenye kioo.

"Limekuwa kubwa," akasema.

Yared akaandika namba zote mfululizo, ya kadi, ya siri, ya Botswana, akabonyeza. Alikuwa amefungulia sauti ili sote tusikie. Kompyuta ikalia ti-ti-ti-ti kama kuku anayedonoa bati. Yule mwanamke akasema, "Karibu, tafadhali ingi..." Kisha kimya kidogo. Kisha akasema, "Namba za siri si sahihi. Asante." Akakata.

"Imezitoa zote kwa mkupuo," Yared akasema. "Mwanamke hajamaliza kukaribisha, yenyewe imekwisha kumwagia namba."

"Iambie ingoje," nikasema.

"Ndiyo. Nikiweka mkato katikati ya namba, inapumzika sekunde mbili. Kila mkato sekunde mbili."

"Basi weka mingi."

"Ikiwa mingi mno, mama, yule naye anachoka. Anaona hakuna mtu, anakata."

Akaweka mikato minne. Namba za siri si sahihi. Akaweka sita. Namba za siri si sahihi. Akaweka kumi na mitano, mwanamke akangoja, akasema, "Hatujapokea namba yoyote," akakata. Akaweka kumi na miwili.

Safari hii hakulalamika. Yared akanitazama, akainua kidole. Halafu yule mwanamke akasema, "Namba uliyopiga haipo."

"Haipo vipi?" nikauliza. "Namba ni hiyo hiyo aliyoandika Debora. Niliisoma mara tatu."

Yared akaisoma tena kwenye barua ya Debora, tarakimu moja moja, mimi nikimfuatisha kwa kidole. Ilikuwa sawa. Akajaribu tena. Namba uliyopiga haipo. Akajaribu tena. Haipo.

Saa yake ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

Kulwa alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Alikaa karibu na mlango, mikono ndani ya kitenge, macho chini. Sasa akasema, "Baba, huyo mwanamke anasema mara mbili."

"Nani, mama?"

"Huyo wa ndani ya simu. Anakaribisha. Ukimpa namba za kwanza anasema tena maneno mengine. Mashine yako inamngoja mara ya kwanza. Mara ya pili haimngoji."

Yared akavua miwani.

"Ukimwamkia mtu mzima, unangoja aseme marahaba," Kulwa akaendelea. "Hiyo yako inaamkia na kuondoka."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyeinamisha uso.

"Ni kweli," Yared akasema polepole. "Baada ya namba za siri anataja dakika zilizobaki kwenye kadi. Kompyuta inampigia namba ya Botswana huku anaongea, kwa hiyo anapata mkia tu wa namba. Mkia huo ndio haupo." Akachukua mkono wa simu. "Nitapiga kwa mkono, tumsikilize mpaka mwisho."

Akapiga. Kulwa alifumba macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikishuka juu ya goti, kinapanda, kinashuka, bila haraka. Yule mwanamke alipomaliza kukaribisha, Yared akabonyeza namba za siri, yule mwanamke akaongea tena, kidole cha Kulwa kikaendelea.

"Kumi na mmoja," Kulwa akasema alipofumbua macho. "Halafu saba na ndama."

"Kumi na mmoja nini, mama?"

"Ng'ombe. Wakitoka zizini asubuhi, wanapita mlangoni mmoja mmoja. Nimewahesabu hivyo tangu nikiwa msichana, nikifumba macho najua mlango una muda gani. Anakaribisha ng'ombe kumi na mmoja. Ukimpa namba, anasema tena ng'ombe saba na ndama."

Nilidhani Yared atacheka. Alitazama saa ya mkononi.

"Hesabu tena nione."

Akahesabu, kidole kikishuka. Yared akaitikia kwa kichwa. "Ng'ombe wako mmoja ni sekunde mbili."

"Wakiwa hawana haraka," Kulwa akasema.

"Kwa hiyo ng'ombe mmoja, mkato mmoja. Na ndama?"

"Ndama mpe wake mzima. Anasimama mlangoni kumtafuta mama yake."

Yared akaandika: namba ya kadi, mikato kumi na mmoja, namba za siri, mikato minane, namba ya Botswana. Akabonyeza.

Mwanamke akakaribisha mpaka mwisho. Akapokea namba za siri. Akataja dakika zilizobaki mpaka mwisho. Kukawa kimya. Kisha nikasikia mlio wa simu inayoita, lakini mlio wa mbali, si kama wa kwetu. Mara mbili. Mara tatu.

Halafu nikasikia mtoto akilia.

Nawaambia kama nilivyosikia. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, inapanda kama ya mtoto aliyeachwa peke yake. Sikuuliza. Mkono wa simu ulikuwa karibu yangu, nikaunyanyua.

"Mjukuu wangu," nikasema. "Mjukuu wangu, ni bibi."

Ile sauti ilinichoma sikioni, ikakatika.

Kwenye kompyuta maandishi mekundu yalitokea. Yared alisimama, mikono yake ikiwa juu ya kichwa.

"Mama. Umenyanyua simu."

"Nilisikia mtoto."

"Zile ni mashine, mama. Ndivyo zinavyosalimiana. Ya kule ilikuwa inaipokea ya kwetu. Ukinyanyua, unazikata."

"Nilidhani ni mtoto," nikasema tena.

Hakunikaripia. Alichukua ule mkono wa simu kutoka kwangu, akaurudisha mahali pake kama mtu anayelaza kitu kilicholala. Akajaribu tena. Yule mwanamke akasema, "Kadi yako imekwisha."

"Nakwenda kituo cha mafuta," Yared akasema. "Wakati mwingine wanakuwa nazo."

Alikwenda akikimbia, mtu mzima yule. Sisi tukabaki.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi kamili. Saa kumi na robo. Malori yalipita, vikombe vikatikisika kwenye kabati. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nikaanza kuomba, nikashindwa kumaliza.

Saa kumi na nusu ilipofika, niliteremka kwenye kiti nikakaa sakafuni. Sikulia. Nilikaa tu, miguu nimeinyoosha, kama tunavyokaa msibani.

Kulwa naye akateremka, akakaa kando yangu. Magoti yake yalilia. Akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Nimemkata mwenyewe," nikamwambia. "Baada ya miezi mitano chini ya debe, leo nimemkata kwa mkono wangu."

"Ulidhani analia," Kulwa akasema. "Mtu akisikia mtoto analia afanye nini?"

Ndivyo alivyonijibu, mwanamke niliyemnyima shikamoo miaka minne.

Yared alirudi saa kumi na moja kasoro dakika kumi, jasho linamtiririka, kadi mkononi. Alituona sakafuni.

"Mbona mmekaa chini?"

"Muda umepita, baba," nikasema. "Ni tangu saa kumi na nusu."

Simu yake ya mkononi ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akasoma, akachuchumaa mbele yetu ili nami nione.

"Debora ameandika sasa hivi. Sikilizeni. 'Mko wapi? Huku ni saa kumi kasoro dakika kumi. Ofisa bado yupo, lakini amekwisha kufunga madirisha.'"

Nilitazama saa ya ukutani.

"Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja," Yared akasema. "Kule jua linachelewa. Mama zangu, nyanyukeni."

Kulwa aliichukua ile kadi. "Mimi," akasema. Alikwangua kwa ukucha, polepole, kama anayetoa gamba kwenye kidonda cha mtoto, na namba zote zikatokea bila kuchubuka. Yared aliziandika. Ng'ombe kumi na mmoja. Ng'ombe saba na ndama.

Mimi nilikalia mikono yangu.

Ile sauti ya kilio ikaja tena. Nikafumba macho. Ikapanda, ikashuka, ikajibiwa na nyingine nzito zaidi, zikaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Halafu kimya.

"Imekwenda," Yared akasema. "Ukurasa mmoja, umepokelewa. Saa kumi na moja na dakika nne."

Sikujua kama nicheke. Kulwa alikunja kitenge akakikunjua. Yared alituletea soda mbili, akatukataza kuzungumzia bei.

Simu ya mezani iliita kabla sijafika nusu ya chupa. Safari hii nilimtazama Yared kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akafungulia sauti ili Kulwa naye asikie.

"Shikamoo mama, ni Debora. Niko ofisini kwa ofisa. Faksi imefika, mama. Inasomeka vizuri kabisa, hata sahihi."

"Marahaba mwanangu. Mungu akulipe. Nashukuru, nashukuru."

"Nimekuja na mtu hapa. Ngoja."

Kukawa na kupumua kwenye simu. Pumzi fupi, za puani.

"Sema basi," Debora akasema kwa mbali.

"Wewe ni bibi yupi?" sauti ndogo ikauliza.

Nilishika meza.

"Ni bibi Monica."

"Hilo ni langu."

"Ndiyo. Ni lako. Mimi naliazima."

Akafikiri. "Haya. Na yule wa ng'ombe yupo?"

Kulwa alisogea karibu na simu mpaka paji la uso wake likawa karibu kuigusa. Alifungua mdomo, Kiswahili kikamkimbia.

"Mwadila," akasema. Ndivyo wanavyosalimiana kwao jioni.

"Mhola," mtoto akajibu hapo hapo, kama mtu aliyefundishwa na kungoja siku ya kuulizwa.

Kulwa aligeukia ukutani, akaziba mdomo kwa kitenge. Mkono wake mmoja ulitafuta nyuma mpaka ukapata goti langu, ukakaa pale. Yared alitoka nje akajifanya anatazama malori.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilianza kuwaandikia hadithi hii ili niseme yote.

Debora alirudi kwenye simu, sauti yake imeshuka.

"Mama, ofisa ana swali moja. Kwenye vitu vya Letisia walikuta barua. Ya Kiswahili. Ilikuwa kwenye faili siku zote, hakuna aliyeisoma. Leo ameniomba nimtafsirie. Mama, sikujua ina nini mpaka nilipokuwa katikati."

Nilijua ni ipi.

Wasomaji wangu, kuna jambo niliwaficha tangu wiki ya kwanza. Nilisema sikuongea na binti yangu miaka minne, na ni kweli, sikuongea. Lakini niliandika. Letisia aliponijulisha kwamba amejifungua, na kwamba mtoto amempa jina langu, nilimjibu kwa barua moja. Niliandika: "Huyo ni mtoto wa wenye ng'ombe. Si mjukuu wangu. Mvueni jina langu, na msimlete kwangu." Nikasaini. Nikaoga, nikajifunga khanga safi, nikaipeleka posta mwenyewe.

Naye akaitunza. Hata leo sijui kwa nini aliitunza.

"Ameiweka kando ya faksi," Debora akasema. "Anasema sahihi zinafanana. Ile M yenye mkia. Lakini anasema pia miandiko ya watu hufanana, na yeye si mtaalamu. Anataka kusikia kwako. Ukisema si mkono wako, ataitoa kwenye faili. Atachukua ya leo." Akarudia taratibu. "Mama, unanielewa? Ukisema si wako."

Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango, yule binti, na mimi nilichotakiwa ni kupita tu.

Sauti ilikuwa wazi. Kulwa alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa ananitazama.

Siku ile nilikuwa nimelala nyumba moja na mwanamke yule, nikanywa chai yake, akakaa sakafuni kwa ajili yangu. Dole lake lilikuwa kwenye karatasi moja na sahihi yangu. Nikisema si mkono wangu, ningempata mtoto kwa uongo, na Letisia angekuwa ametunza bure barua ya mtu asiyekuwepo.

"Ni mkono wangu, Debora," nikasema. "Mwambie ni wangu. Na wa leo pia ni wangu. Mwambie wote wawili ni wangu."

Nikamsikia akieleza kwa Kiingereza. Nikasikia karatasi. Nikasikia mtu mzima akishusha pumzi.

"Anasema hawezi kuamua leo," Debora akasema. "Atajibu Jumatatu. Na wale watu wengine nao wanakuja Jumatatu. Mama, kwa nini hukusema..." Hakumalizia.

Kulwa aliondoa mkono wake juu ya goti langu. Hakuutupa. Aliuchukua tu, akaurudisha ndani ya kitenge, akatazama barabarani.

"Mama Machibya," nikasema.

Hakuitikia.

"Bibi?" Ilikuwa ile sauti ndogo. Nadhani aliuchukua mkono wa simu mwenyewe mezani.

"Nipo, mama."

"Mbona mmenyamaza? Mnaondoka?"

"Tunaondoka. Gari la Kilosa linatungoja."

Akapumua kidogo, zile pumzi za puani. Kwake nadhani tulikuwa tumefika, tumesimama mlangoni, na sasa tunaaga.

"Mje tena," akasema. "Wewe na yule wa mwadila. Mje wote."